Mahamali wa Ini: Dawa, Sumu na Lugha ya Mgonjwa

Yamkini msomaji wa jarida hili atashangaa kukutana na ini katika kurasa ambazo aghalabu hutengewa ushairi, riwaya na mijadala ya sarufi. Hata hivyo, ini si mgeni kwetu. Waswahili wameliimba na kulilia tangu jadi. Maneno makali hukata maini. Mpenzi huitwa nyongo mkalia ini, na wapo wanaoshikilia kwamba ni nyonga, si nyongo. Sitaingia katika ugomvi huo, ila nitasema kwamba yeyote aliyewahi kumpasua mbuzi anajua ni kipi hasa kilichokalia ini. Tatizo langu ni jingine. Tunalijua ini kama sitiari kuliko tunavyolijua kama kiungo, na tukitakiwa kueleza kwa Kiswahili fasaha jinsi kidonge kinavyopita ndani yake, wengi wetu tunakimbilia Kiingereza, au tunanyamaza.

Makala haya yanatetea jambo moja: kwamba elimu ya namna ini linavyoingiza na kutoa dawa inaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila kuipunguzia uzito, na kwamba kazi hiyo ni yetu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili kama ilivyo ya madaktari na wafamasia. Nimechagua makusudi mada iliyo ngumu. Iwapo lugha itaiweza hii, nyepesi zitajiweza.

Tuanze na kosa lililozoeleka. Katika vitabu vingi vya shule, ini huelezwa kama chujio: damu hupita, uchafu hubaki. Mfano huu ni rahisi kukumbuka, lakini unapotosha. Chujio halichagui kwa kukijua kitu, na halina nguvu yake lenyewe; hubakiza tu kile kisichopenya matunduni. Seli ya ini haifanyi hivyo. Utando unaoizunguka umeundwa kwa mafuta, na dawa nyingi, hasa zile zinazopenda maji kuliko mafuta, haziwezi kuupenya hata zikiusukuma mchana kutwa. Zinahitaji kubebwa. Ndani ya utando huo zimo protini ambazo kazi yake ni kuipokea molekuli upande mmoja na kuitua upande wa pili. Kila protini ina mizigo inayoikubali na inayoikataa. Nyingine hutumia nishati ya seli kubeba mzigo hata pale ambapo upande wa pili umekwisha kujaa.

Seli ya ini imejengwa kama nyumba ya Kiswahili. Mbele iko baraza inayotazama mtaani, yaani damu inayotoka utumboni ikiwa imebeba chakula na dawa iliyomezwa. Nyuma uko ua, yaani vijifereji vyembamba vinavyokusanya nyongo na kuipeleka utumboni. Upande wa baraza wamo wanaoingiza mizigo: OATP1B1 na OATP1B3, wanaopokea dawa nyingi za kupunguza kolesteroli, OCT1, anayeingiza metformini ya wagonjwa wa kisukari, na NTCP, anayerudisha chumvi za nyongo kutoka kwenye damu. (Huyu wa mwisho ana kisa chake. Mwaka 2012 watafiti wa Beijing waligundua kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B huingia kwenye seli kwa kumshika yeye huyo huyo.) Upande wa uani wamo wanaotoa: P-glaikoprotini, MRP2, BCRP na BSEP. Kati ya milango hiyo miwili, ndani ya nyumba, vimeng'enya huikatakata dawa na kuibadilisha.

Kwa miaka mingi wanasayansi walivikazia macho vimeng'enya na kuipuuza milango. P-glaikoprotini ilielezwa mwaka 1976 na Juliano na Ling, waliokuwa wakichunguza seli zilizokuwa sugu kwa dawa, lakini ilichukua muda kabla ya kukubalika kwamba protini za aina hii huamua mambo hata katika mwili wa mtu mzima wa afya. Leo hakuna ubishi. Kiasi cha dawa kilichomo katika damu na kiasi kilichomo katika ini ni hesabu mbili tofauti, na tofauti hiyo huandikwa milangoni. Daktari akipima damu anapima mtaa, hajapima nyumba.

Hebu tuuchukue mlango wa mbele kwanza. Dawa zinazopunguza kolesteroli, ambazo jamaa yake ni simvastatini na atorvastatini, hufanya kazi yake ndani ya ini. Mlango ukilegea, dawa hubaki mtaani, yaani kwenye damu, na huko hukutana na misuli, ambayo haikuwa imekusudiwa. Mwaka 2008 utafiti uliofanywa Uingereza miongoni mwa watu waliokuwa wakimeza miligramu 80 za simvastatini ulionyesha kwamba wale waliorithi kutoka kwa wazazi wote wawili umbo fulani la jeni ya OATP1B1 walikuwa katika hatari ya karibu mara 17 ya kuharibika misuli kuliko wasio nalo. Dawa ni ile ile, dozi ni ile ile. Tofauti iko kwa aliye mlangoni.

Hapa yafaa msomaji wa Afrika Mashariki atue kidogo. Umbo hilo la jeni limeenea Ulaya, ilhali miongoni mwa watu wa asili ya Kiafrika ni nadra zaidi. Je, tufurahi? Sidhani. Maana yake ni kwamba kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya wengine kinaweza kumwambia Mkenya kwamba yu salama kwa sababu tu kinatafuta kitu ambacho aghalabu hanacho, huku maumbo mengine yaliyomo katika damu yake yakiwa hayajatafutwa. Watu wetu hawajachunguzwa vya kutosha. Na utafiti wa namna hiyo huanza kwa kumwomba mtu ridhaa, kwa lugha anayoielewa, ya kumtoa damu na kuisoma jeni yake. Nani atakayemwandikia karatasi ile ya ridhaa?

Mlango wa nyuma una hatari ya aina nyingine. Anayetoa chumvi za nyongo ni BSEP. Chumvi hizi ni kama sabuni: utumboni hutusaidia kuyavunja mafuta, lakini zikirundikana ndani ya seli huutafuna utando wake. Watoto wanaozaliwa na jeni mbovu ya BSEP huugua ini mapema mno, na wengi huishia kuhitaji ini jipya. Sasa fikiria dawa inayoziba njia hiyo kwa mtu aliyezaliwa mzima. Troglitazoni, dawa ya kisukari, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2000 baada ya kuua maini ya baadhi ya waliokuwa wakiitumia, na maabara zimeonyesha kwamba dawa hiyo pamoja na zao lake moja linalotengenezwa ndani ya ini humzuia BSEP. Wataalamu hawadai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Lakini tangu hapo, watengenezaji wengi wa dawa huipima molekuli mpya dhidi ya BSEP kabla haijafika mbali.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha fialuridini. Ilikuwa dawa iliyotarajiwa kutibu homa ya ini aina ya B. Ilijaribiwa kwa wanyama, na haikuonyesha alama ya hatari iliyokuja kutokea. Mwaka 1993, katika taasisi za taifa za afya za Marekani, wagonjwa 15 walipewa. Saba kati yao maini yao yalishindwa kufanya kazi. Watano walifariki, na wawili waliponea ini la kupandikizwa. Kwa nini panya hawakufa? Miaka zaidi ya kumi baadaye jibu moja lilipatikana, nalo lilihusu hamali. Protini iitwayo ENT1, ambayo huchukua molekuli za jamii ya fialuridini, kwa binadamu imo pia katika utando wa mitokondria, yaani vile vinu vidogo vya nishati vilivyo ndani ya seli. Kwa panya haimo humo. Kwa hiyo sumu ile ile iliyokwama nje ya kinu cha panya ilipitishwa hadi ndani ya kinu cha mtu. Aliyeleta maafa alikuwa mchukuzi mmoja aliyekuwa mahali ambapo hakuna aliyefikiria kumtafuta.

Nimekieleza kisa hicho kwa Kiswahili na sijaona mahali lugha ilipokwama. Nilikwama mahali pamoja tu: hizi protini tuziiteje?

Baadhi ya wenzangu watapendekeza "protini safirishi" au "visafirishaji". Sina raha na maneno hayo. Kusafirisha kunaashiria masafa, chombo na abiria. Nasi tunazungumzia hatua moja ya kuvuka kizingiti. "Bawabu" linavutia, kwa kuwa lina mlango ndani yake, lakini bawabu hufungua na kukaa kando. Mgeni hutembea kwa miguu yake. Kuna protini za aina hiyo pia, zinazofanya kama tundu linalofunguka na kufungika, na jina bawabu tuwawekee hizo. Neno ninalolitetea ni "hamali". Hamali wa Mombasa huutwaa mzigo upande huu akautua upande ule. Huchagua mzigo anaouweza. Hufanya kazi kwa ujira, na ujira hapa ni nishati ya seli. Na mizigo miwili ikimfikia kwa wakati mmoja, mmoja lazima ungoje. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha dawa kupingana mwilini, na neno linaibeba bila kuhitaji tanbihi.

Tukilipima neno hili kwa vigezo vya PEGITOSCA, ambavyo kila mwanafunzi wa istilahi amevikariri kabla ya mtihani, litapita katika uangavu na ufupi. Katika uzalishi pia: tutapata hamali mwingizaji, hamali mtoaji, uhamali wa dawa, na mzuia hamali kwa dawa inayomkwamisha. Litatatiza kidogo katika upatanisho wa kisarufi. Hamali ni mtu, na ngeli ya A-WA itataka "mahamali wanabeba". Mimi mwenyewe nimefanya hivyo humu kila nilipotaka kuupa maelezo uhai. Katika kitabu cha kiada ningependekeza "protini hamali zinabeba", nomino ya kwanza ikishika usukani wa upatanisho na ya pili ikisifu. Si ajabu, tunasema "gari moshi linapita" wala hatusemi moshi unapita.

Najua Kamusi ya Tiba ya TUKI ilitoka mwaka 2003, na kabla yake ilikuwapo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990. Naziheshimu kazi hizo. Lakini istilahi ni kama nguo: haijulikani kama inakutosha hadi uivae utembee nayo. Orodha ya maneno elfu moja ambayo hakuna aliyeandika nayo aya hata moja ni duka la nguo lisilo na wanunuzi. Kosa letu katika vyama vya Kiswahili, kwa maoni yangu, ni kupenda kubuni neno kuliko kulitumia. Tuandike maelezo kwanza; neno lisilofaa litajitenga lenyewe katika uandishi.

Na gharama ya kutoandika si ya kinadharia. Tazama neno "manjano". Macho na ngozi ya mgonjwa vikigeuka rangi, watu husema ana manjano, au ana homa ya manjano. Lakini homa ya manjano ni jina la ugonjwa mahususi unaoletwa na virusi vinavyosambazwa na mbu. Neno moja linabeba dalili na ugonjwa. Mzee mmoja wa kwetu, aliyekuwa katika mwezi wa kwanza wa matibabu ya kifua kikuu, aliambiwa na mhudumu kwamba ana "manjano kidogo" na arudi baada ya siku tatu. Alifika nyumbani akatuagiza tununue neti ya mbu. Vidonge akaviacha, kwa kuwa aliona huo ni ugonjwa mwingine na hautibiwi na vidonge vile. Tulicheka kuhusu neti. Kuhusu vidonge hatukucheka.

Kisa cha mzee huyu kinahusu mahamali moja kwa moja. Rangi ile ya manjano ni bilirubini, zao la chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Ini huipokea barazani na kuitoa uani. Rifampisini, moja ya dawa nne za awali za kifua kikuu, huingia kwenye ini kwa mlango huo huo wa OATP1B1. Katika siku za mwanzo inaweza kuisukuma bilirubini kando, mbele na hata nyuma, na damu ikawa na umanjano bila seli hata moja kuumia. Wapo watu waliozaliwa bila OATP1B1 na OATP1B3 wanaofanya kazi. Sababu hiyo ya hali inayoitwa Rotor ilibainishwa mwaka 2012. Huishi na umanjano hafifu maisha yao yote wakiwa wazima. Lakini ndani ya mchanganyiko huo huo wa dawa za kifua kikuu zimo isoniazidi na pirazinamidi, ambazo zinaweza kuliua ini kweli. Kwa jicho huwezi kutofautisha umanjano wa mlango uliosongwa na umanjano wa nyumba inayoungua. Ni vipimo vya damu vinavyotofautisha. Kwa hiyo agizo sahihi kwa mgonjwa lina sehemu mbili: usikate tamaa, na rudi kliniki leo, si baada ya siku tatu. Pamoja na hayo aelezwe kinagaubaga kwamba rangi hiyo huenda imeletwa na dawa zenyewe, na kwamba anayeamua dawa ipi isimamishwe ni daktari.

Rifampisini haiishii hapo. Wiki za kwanza zikipita hugeuka tabia. Huuamuru mwili uongeze vimeng'enya na uongeze P-glaikoprotini, na dawa nyingine zilizomo mwilini huanza kuondolewa upesi kuliko kawaida. Atorvastatini ni mfano mzuri: dozi moja ya rifampisini ikitolewa pamoja nayo kwa mara ya kwanza, kiasi cha atorvastatini katika damu kinaweza kupanda takriban mara saba, kwa kuwa mlango wa mbele umezibwa, lakini mtu akiwa amekwisha kumeza rifampisini kwa siku kadhaa, kiasi hicho hushuka sana, kwa kuwa vimeng'enya vimeongezeka. Dawa mbili zile zile zimetoa matokeo mawili yanayopingana, kutegemea siku. Ndiyo sababu pia mtu anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya virusi vya ukimwi hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja akiwa katika matibabu ya kifua kikuu yenye rifampisini. Asipoelezwa, ataona kidonge cha jioni ni cha ziada, akakiacha. Kwake yeye jambo hilo halina mantiki, na ni haki yake kutaka mantiki.

Nitaambiwa kwamba mgonjwa hahitaji kujua OATP1B1 ni nini. Nakubali. Wala hahitaji kujua jina la vali iliyomo ndani ya jiko la gesi. Lakini anahitaji kujua kwamba dawa zake zinagombea mlango mmoja, na kwamba kwa hiyo ni lazima amtajie mfamasia kila anachomeza, ikiwemo mitishamba. Mfano wa mlango anaupata mara moja. Mfano wa chujio hauwezi kumweleza kwa nini dawa mbili zipingane. Na ili mhudumu autoe mfano huo, lazima awe ameusoma mahali kwa Kiswahili. Wanafunzi wa tiba nchini husoma yote kwa Kiingereza, kisha hutarajiwa kutafsiri papo hapo mbele ya mgonjwa, katika dakika chache walizo nazo. Tafsiri ya aina hiyo hata sisi tunaoisomea tungeishindwa.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. "Inapowezekana" ni neno la kisheria lenye mlango mpana, na kila siku ambayo maelezo hayajaandikwa, haiwezekani. Kwa hiyo ombi langu kwa idara zetu ni dogo na la kupimika. Pale ambapo chuo kina shule ya tiba au ya famasia, tasnifu moja ya istilahi kila mwaka ifanywe kwa ushirikiano: mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa famasia wakae na karatasi za maelezo za dawa kumi zinazotolewa sana katika zahanati zetu, waziandike upya kwa Kiswahili, kisha wazisome mbele ya watu wasio wanafunzi na kurekodi wanapokunja uso. Rifampisini iwe ya kwanza.

Limebaki suala moja la istilahi ambalo sijalitatua. Mbali na mahamali wa kuingiza na wa kutoa uani, wapo MRP3 na MRP4, ambao mlango wa nyuma ukizibwa hurudisha mizigo barazani, yaani kwenye damu, ili nyumba isiungue. Ni kwa njia hiyo bilirubini iliyokwisha kushughulikiwa na ini huishia kwenye mkojo na kuutia rangi ya chai ya rangi. Kuwaita "mahamali warejeshaji" hakunipendezi, kwa sababu NTCP naye hurejesha, ila yeye hurejesha ndani. Nimejaribu "wakimbizaji", nikaona lina dhana ya kufukuza. Wavuvi na manahodha wana maneno mengi ya kutoa maji chomboni yasizamishe, kama kufua maji na kukumba maji. Huenda neno limo humo, na mwenzangu wa Lamu au Vanga analijua.